Nyama ya mwitu: mnofu wa babu, nyara ya Serikali

Ndugu msikilizaji, katika lugha yetu neno nyama limebeba mambo mawili. Nyama ni kile kitoweo kilichomo chunguni. Nyama pia, kwa kauli ya wazee, ni yule kiumbe mwenyewe anayetembea porini. Mzee aliyesema "bonde lile lina nyama wengi" hakuwa anazungumzia bucha. Alikuwa anahesabu swala, kongoni na nyati. Kwake yeye hapakuwa na umbali mkubwa kati ya mnyama na mchuzi. Umbali huo uliwekwa baadaye, na uliwekwa kwa sheria.

Wiki hii nataka tuizungumze nyama ya mwitu, ile inayoitwa siku hizi nyamapori. Wataalamu wa lishe wanaisifu kwamba ni mnofu mtupu, mafuta yake ni haba. Madaktari nao hawachoki kutuambia sisi watu wa mijini, tunaokaa kwenye viti kutwa na kwenye daladala au matatu asubuhi na jioni, kwamba tupunguze mafuta ya nyama. Sasa hebu tujiulize maswali matatu. Kwa nini nyama hiyo haina mafuta? Wazee wetu waliipikaje hata ikalika? Na ilikuwaje kitoweo cha babu kikageuka kuwa kosa la jinai, kisha kikarudi mjini kikiwa na leseni na mizani?

Tuanze na hilo la kwanza. Mnyama wa porini hana zizi wala mchungaji. Hutembea mwendo mrefu kutafuta majani na maji, hukimbia simba na fisi, na kiangazi kikikaza hula kidogo. Anachokula anakitumia. Ng'ombe wa kunenepeshwa kwa nafaka, kama afugwavyo Ulaya na Marekani, hula bila kutembea, na ziada yote huwekwa akiba mwilini, chini ya ngozi na hata katikati ya nyuzi za mnofu. Ukiukata mnofu wake unaona michirizi myeupe kama marumaru. Ukikata paja la swala huoni michirizi hiyo. Unaona wekundu mzito unaokaribia weusi, kwa sababu misuli inayofanya kazi kila siku huwa na madini mengi ya chuma.

Tuseme kwa tarakimu. Katika gramu 100 za mnofu mbichi wa swala mna protini kiasi cha gramu 22 na mafuta kiasi cha gramu 2 tu. Madini ya chuma ni kama miligramu 3. Nyama ya ng'ombe ya kusaga ya aina inayouzwa sana Marekani ina mafuta gramu 20 katika uzito huo huo. Lakini tusiwe watu wa kutia chumvi. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu, aliyelishwa majani na kutembezwa maili nyingi, naye hana mafuta mengi kama yule wa Marekani. Aidha, nyama ya mwitu ina kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, kiasi kisichopungua kile cha nyama ya ng'ombe. Sifa yake ni uchache wa mafuta, basi. Haikuwa dawa, na anayekuuzia kama dawa anakudanganya.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba elimu hii ilichimbuliwa hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1960, mtaalamu mmoja Mwingereza, Michael Crawford, alikuwa akifundisha na kutafiti katika chuo cha utabibu cha Makerere, Kampala. Alilinganisha nyama ya wanyama wa porini wa Uganda na nyama ya ng'ombe wa Uingereza, na mwaka 1968 akachapisha matokeo yake katika jarida la utabibu la Lancet la London. Aliona mambo mawili. La kwanza, mafuta ya mnyama wa porini ni machache. La pili, hayo machache yana sehemu kubwa zaidi ya yale mafuta laini yanayohitajiwa na mwili kujenga ubongo na mishipa, kuliko mafuta ya mnyama aliyefungiwa na kunenepeshwa. Wakati huo huo, H. P. Ledger alikuwa akipima mizoga ya wanyama wa Afrika Mashariki, aina kwa aina. Vipimo vyake vilikuja kutumika sana. Mwaka 1985, madaktari wawili wa Marekani, Boyd Eaton na Melvin Konner, waliandika kwamba wanyama wala majani wa porini wa aina 15 wa Afrika walikuwa kwa wastani na mafuta asilimia 3.9 ya mzoga, na wale wa kufugwa katika nchi zilizoendelea asilimia 25 hadi 30. Makala hiyo ilisomwa dunia nzima. Kwa hiyo ukisikia mtu wa New York anasifu mnofu wa porini, jua kwamba mzani uliopima ulikuwa Afrika Mashariki.

Basi je, wazee wetu walikuwa wakiisifu nyama hiyo kwa kukosa mafuta? La hasha! Wao walitafuta mafuta kwa udi na uvumba. Katika Kiswahili, kunona ni sifa, kukonda ni balaa. Mwindaji aliyekuwa na hiari alimchagua pofu, ambaye katika jamii ya swala ndiye anayejulikana kwa unono, au kiboko, ambaye mafuta yake yalikuwa yakikamuliwa na kuwekwa katika vibuyu. Wahadzabe wa bonde la Eyasi wanajua vizuri kwamba mnyama wa kiangazi hana unono, nao huthamini sana asali, ambayo huujazia mwili ile nguvu ambayo mnofu mkavu hauwezi kuutoa. Utaalamu huo hawakuupata kitabuni.

Na sayansi imewaunga mkono. Mwaka 1928, msafiri wa nchi za barafu, Vilhjalmur Stefansson, alikubali kuchunguzwa na madaktari katika hospitali ya Bellevue, New York, huku akila nyama peke yake. Kwa siku za mwanzo walimpa mnofu usio na mafuta. Haukupita muda akaanza kuumwa tumbo na kuharisha, mwili ukamlegea. Walipomwongezea mafuta, akapona. Ini la binadamu lina kiwango cha protini linachoweza kukichakata. Kikizidi, na pakiwa hapana mafuta wala wanga wa kusaidia, mtu huumwa ilhali tumbo limejaa. Kwa hiyo mnofu ni chakula kizuri kikiwa na mwenzake. Ugali, muhogo, ndizi, nazi, karanga: hao ndio wenzake, na wazee wetu waliwaoza zamani.

Hapo ndipo tunapoingia jikoni. Kosa kubwa la mpishi wa mjini ni kuitendea nyama ya swala kama anavyotenda mbavu za mbuzi. Anaiweka juu ya mkaa mkali, anaisubiri itoe mafuta, nayo haitoi, kwa kuwa hayamo. Matokeo yake ni kipande kikavu ambacho meno hushindana nacho hadi yachoke. Mbuzi hujipaka mafuta yake mwenyewe anapochomwa. Swala hana cha kujipaka, lazima wewe umpake.

Bibi yangu mzaa mama, aliyekulia kusini ambako ng'ombe walikuwa adimu, alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya nyama mbichi. Aliikata vipande vikubwa, akaitia chungu chenye maji na chumvi kidogo, akapunguza moto mpaka maji yawe yanatikisika tu bila kuruka. Chungu kilikaa jikoni tangu asubuhi hadi jua la alasiri. Hapo ndipo alipotia karanga zilizotwangwa au tui zito la nazi, na baada ya hapo hakuruhusu mtu kuchochea kuni. Ya pili ilikuwa ya nyama ya kubanika. Nyama ilikatwa mikanda, ikawekwa juu ya uchanja, moshi na joto vikaikausha. Siku ya kupikwa ilirowekwa, ikatwangwa kinuni hadi nyuzi zikaachana, kisha ikaungwa kwa karanga au ufuta. Sisi watoto tuliona ni mapishi tu. Leo nikiyatazama naona hesabu iliyokamilika: mnofu ulikosa mafuta, karanga ikayaleta. Mnofu ulikuwa mgumu, kinu kikaulainisha.

Moto mdogo nao una maana yake. Nyama ya mnyama atembeaye sana ina kano na tandu nyingi zinazofunga nyuzi za misuli. Ukiichemsha kwa pupa, nyuzi hujikunja na kukamua maji yake yote, na kano hubaki kano. Ukiipika taratibu kwa saa nyingi katika mchuzi, kano hizo huyeyuka zikawa ute mzito unaoshika mdomoni, nawe unadhani ni mafuta. Papai bichi husaidia vilevile, kwa kuwa utomvu wake huvunja protini. Paka kidogo, na usiiache usiku kucha, maana nyama itageuka uji. Ukwaju na ndimu huongeza ladha na kupunguza ile harufu ya porini ambayo wengine hawaipendi.

Kuna jambo jingine wapishi wetu walilijua kwa uzoefu. Misuli ya mnyama mtulivu ina akiba ya sukari. Akifa, sukari hiyo hugeuka kuwa tindikali nyepesi, ambayo huifanya nyama iwe laini na kuchelewesha kuoza. Mnyama aliyekimbizwa na mbwa kwa saa nzima, au aliyepigana na mtego wa waya usiku kucha, ameimaliza akiba yote. Nyama yake huwa nyeusi, kavu, na huharibika upesi. Mwindaji hodari alimvizia mnyama na kumwangusha kabla hajashtuka. Na kwa Mwislamu palikuwa na sharti la kutaja jina la Mungu mshale unapoachiwa, na kuwahi kuchinja kama mnyama bado ana uhai, ili kitoweo kisiwe kibudu. Uwindaji, dini na jiko vilikuwa vimefungamana. Aliyeharibu kimoja aliharibu vyote.

Sasa, ndugu msikilizaji, tufike kwenye lile swali la tatu, ambalo kwangu ndilo zito.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka iliingia Afrika Mashariki. Ugonjwa huu, ambao duniani ulitangazwa kutokomezwa mwaka 2011, uliwafyeka ng'ombe wa Wamasai na wa wafugaji wengine wengi, ukawafyeka pia nyati na nyumbu. Njaa na ndui vikafuata. Mahali palipokuwa na mifugo na mashamba, pori likarudi, na pamoja na pori akarudi mbung'o anayeeneza malale na nagana. Katika sehemu kubwa ya kusini na magharibi ya Tanganyika ya baadaye, mwenye kutaka nyama hakuwa na pa kwenda ila porini. Huko mawindo hayakuwa mchezo. Yalikuwa ndiyo bucha, na vilevile ulinzi wa shamba.

Wakati huo huo ndipo sheria ikaja. Tarehe 7 Mei 1896, gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji kwa koloni lote. Ilidai leseni, na ikatenga maeneo mawili yasiyowindwa, moja upande wa Kilimanjaro na jingine upande wa Rufiji. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London, yakatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Mwafrika hakualikwa. Mkataba huo ulitaka leseni kwa wawindaji na kubana matumizi ya nyavu na mashimo, yaani zana zile zile za mtu asiye na bunduki. Bunduki ya mwenye fedha haikuguswa.

Athari yake haikuchelewa. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, aliyeichunguza Uzaramo, ameeleza jinsi uwindaji wa nyavu ulivyokuwa kinga ya mashamba dhidi ya nguruwe mwitu, na jinsi kuvurugika kwake kulivyochangia njaa na hasira zilizoandamana na Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905. Hatusemi kwamba watu walipigania nyama peke yake. Kodi, pamba na kiboko cha akida vilitosha. Lakini mtu anayetazama mpunga wake ukiliwa na nguruwe, na mkononi hana ruhusa ya wavu, huyo naye ana hesabu yake na serikali.

Tazameni upande wa pili. Mwaka 1909 aliyekuwa Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Hadi safari yao ilipokwisha mwaka 1910, wawili hao walikuwa wameua wanyama 512 kwa hesabu yao wenyewe. Wengi walipelekwa kwenye majumba ya makumbusho, na nyama ikalisha msafara. Walikuwa na ruhusa, na walipokelewa kwa heshima. Mkamba aliyempiga paa kwa mshale katika nchi hiyo hiyo aliitwa jangili. Mnyama ni yule yule na pori ni lile lile. Tofauti ilikuwa karatasi mfukoni, na aliyeweza kuinunua.

Waingereza walipoichukua Tanganyika waliendelea na mwendo huo. Sheria ya kuhifadhi wanyama ilitungwa mwaka 1921. Lile eneo la Rufiji liliongezwa, na mwaka 1922 likapewa jina la Frederick Selous, mwindaji na mwanajeshi aliyeuawa vitani huko Beho Beho Januari 1917. Yaani pori la mawindo ya Wandengereko na Wangindo likaitwa kwa jina la mwindaji mgeni. Tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Afisa aliyesimamia wanyama wananchi walimwita Bwana Nyama. Sidhani kama walifanya mzaha. Yeye ndiye aliyekuwa na amri juu ya kitoweo: akimpiga tembo aliyevamia mashamba, kijiji kilikula, asipompiga, kijiji kilitazama.

Huko Kenya mfano mkubwa ni Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu. Watu hawa, wakaao nyuma ya Malindi na kando ya mto Galana, walikuwa na pinde nzito zilizoweza kumwangusha tembo kwa mshale wa sumu. Mwaka 1948 Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ikaanzishwa juu ya mapori yao. Katika miaka ya 1956 na 1957 kampeni kali ya kupambana na ujangili ikawakamata mmoja mmoja mpaka vijiji vikabaki na wanawake na watoto. Baadaye baadhi ya maofisa walijiuliza: watu hawa wataishi kwa nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, ambao ungewaajiri Waata wavune wanyama kihalali na kuuza nyama. Wazo lilikuwa jema, lakini mpango ule haukudumu, na ardhi ikaishia kuwa ranchi ya ng'ombe. Mtu aliyejua kumlisha mwanawe kwa upinde akaachwa hana upinde wala ng'ombe.

Uganda nako walijaribu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, viboko wa Hifadhi ya Queen Elizabeth walikuwa wengi mno hata majani ya kando ya maji yakaisha na udongo ukawa unaporomoka. Ikaamuliwa wapunguzwe, na kwa miaka kadhaa maelfu walipigwa risasi kwa utaratibu wa kisayansi na nyama yao ikauzwa kwa wananchi. Watu walinunua, majani yakarudi, na wataalamu wakapata mizoga ya kupima. Huo ni ushahidi kwamba kuvuna kwa hesabu kunawezekana pale panapokuwa na wanaohesabu kweli.

Je, uhuru ulibadili nini? Kusema kweli, hifadhi zilibaki na nyingine zikaongezwa. Mwalimu Nyerere alitoa Azimio la Arusha la wanyamapori mwaka 1961, akiahidi kuwalinda wanyama kama urithi wa watoto wetu. Tanzania ilisimamisha uwindaji mwaka 1973, ikaurudisha mwaka 1978. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, na marufuku hiyo bado ipo. Lazima tuwe wakweli: miaka ya 1970 na 1980 bunduki za kivita zilimaliza faru na kuwapunguza tembo vibaya mno, hata Tanzania ikalazimika kuendesha Operesheni Uhai mwaka 1989. Aliyekuwa akiua tembo 20 kwa ajili ya pembe hakuwa mrithi wa babu yangu. Lakini sheria iliwaweka katika kapu moja. Chini ya sheria ya Tanzania, nyama ya mnyamapori ni nyara ya Serikali sawa na pembe. Mwanakijiji akikutwa na paja la pala bila kibali, hati ya mashtaka husomwa hivyo hivyo: kupatikana na nyara za Serikali. Familia haikujua kwamba chungu chake kina nyara.

Palikuwa na majaribio ya kurekebisha. Mpango wa Hifadhi ya Selous, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980, ulivipa vijiji vya jirani mgawo wa wanyama wa kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Sera ya wanyamapori ya mwaka 1998 ikafungua njia ya jumuiya za hifadhi za wananchi. Mahali pengine zimefanikiwa, mahali pengine fedha zimekwama ofisini. Na mwaka 2020 Serikali ya Tanzania ilitunga kanuni za uuzaji wa nyamapori, mabucha yenye leseni yakaanza kufunguliwa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, mtu wa Dodoma au Dar es Salaam aliweza kununua kilo ya nyati na akapewa risiti.

Hili nalipongeza, na sababu yangu ya kwanza ni ya afya. Nyama isiyokaguliwa ni kamari. Kimeta hakichagui. Mwaka 2004 na 2005 kiliua mamia ya viboko kule kule Queen Elizabeth, na aliyekula mzoga wa mnyama wa namna hiyo alikula kifo. Na tusidhani kwamba mlango wa nyuma uko kijijini tu. Uchunguzi wa shirika la Born Free mwaka 2004 katika mabucha ya Nairobi ulikuta kwamba takriban robo ya sampuli za nyama zilikuwa za wanyama wa porini, na wanunuzi waliamini wamebeba ng'ombe au mbuzi. Mla hajui alacho, mkaguzi hakuona, na mtego wa waya uliotumika haukuchagua dume wala jike mwenye mimba.

Lakini nina neno na wanaosimamia kanuni hizi. Kama bucha la mjini litakuwa na swala mwenye leseni, na yule anayeishi mpakani mwa hifadhi, ambaye mahindi yake huliwa na nyani na mpunga wake hukanyagwa na tembo, hapati hata mfupa isipokuwa kwa kuvizia usiku, basi tutakuwa tumeirudia ile hesabu ya mwaka 1896. Mwenye fedha atakula kwa karatasi, na asiye nazo atakwenda kizimbani. Mgawo wa vijiji usiwe maneno ya semina. Kibali kipatikane makao makuu ya wilaya kwa bei ambayo mkulima anaiweza, na nyama ya mnyama aliyepigwa kwa kuharibu mazao ifike kwa aliyeharibiwa.

Kwako wewe mnunuzi wa mjini, neno langu ni fupi. Ukiambiwa gizani kwamba kuna "kitoweo kizuri kutoka bara", kataa. Mahali ambapo sheria inaruhusu, kama Tanzania, nenda bucha lenye leseni, uliza muhuri wa mkaguzi, chukua risiti. Ukifika nyumbani, usiiweke mnofu ule kwenye mkaa mkali ukaulaumu kwa kuwa mkavu. Tafuta chungu, punguza moto, twanga karanga, na uwe na subira. Mahali ambapo sheria hairuhusu, kama Kenya, mnofu unao wa kukutosha: paja la mbuzi wa majani, kuku wa kienyeji, sungura wa kufuga. Somo la kupika ni lile lile.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja kwa miaka zaidi ya 100, wengine na bunduki, wengine na kamera, wengine na mizani ya kupimia mafuta. Kila mmoja alikuta nyama, akaiandikia kitabu au sheria. Mwenyeji, aliyeijua kwa chungu na kinu, bado anangoja zamu yake ya kupona.